Mtani Aliitwa Kuwa Shahidi

1.

NANGWALI KOROSHO
TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE

Wafanyakazi wa kudumu, wa msimu na wa kutwa mnatangaziwa kuwa, kufuatia sharti la mnunuzi wetu wa nje, kampuni itahakiki uhalali wa kila mfanyakazi kufanya kazi nchini. Hakuna atakayeachwa. Kila mmoja afike ofisi ya utawala siku ya zamu yake akiwa na:

(a) kitambulisho cha taifa;
(b) vidole vyake.

Ambaye vidole vyake havitasomeka kwenye mashine ataleta shahidi mmoja, mfanyakazi mwenzake anayemfahamu vizuri. Shahidi atakayeficha jambo ataachishwa kazi pamoja na aliyemshuhudia.

Tunaomba ushirikiano wenu.

Utawala


2. Yaliyosikika mbele ya ubao

"Vidole vyake. Kwani kuna mtu huviacha nyumbani?"

"Mnunuzi anataka kujua nani kabangua korosho yake. Mwambieni ni sisi."

"Mwambieni aje abangue na yeye, tumhakiki."

"Na wa kutwa pia?"

"Wa kutwa pia. Mpaka paka wa stoo."

"Mtani, umeona? Tangazo lako hilo limefika. Rudi kwenu ng'ambo ya mto mapema, mtumbwi usije ukajaa."

Hilo la mwisho lilisemwa na Osmunda Ngonyani, kwa sauti iliyofika mpaka chumba cha kumenyea. Aliyeambiwa ni Somoe Chitete, mbanguaji wa meza ya dirishani, ambaye alikuwa bado analisoma tangazo polepole huku midomo ikimcheza. Somoe hakugeuka. Alimaliza kwanza mstari wake, maana hapendi kuacha mstari katikati. Kisha akasema kwamba yeye akitoka asubuhi atakuwa amevuka mto kabla ya chakula cha mchana, lakini Wangoni safari yao ni ndefu, mpaka Uzuluni walikokimbia wameacha sufuria motoni, kwa hiyo ni heri Osmunda aanze kutembea leo.

Watu wakacheka. Mama wa kantini akacheka mpaka akaegemea ubao, na tangazo likachanika pembeni.


3. Kwa msomaji ambaye kwao hakuna watani

Keti nikueleze, ndipo tuendelee.

Zamani Wangoni na Wayao walipigana mpaka wakachoka. Walipochoka, wakaona watukanane badala ya kuchinjana, na matusi hayo wakawarithisha watoto. Mngoni akikutana na Myao barabarani, hata kama hawajawahi kuonana, anaweza kumwambia amevaa vibaya, ana kichwa kama ubuyu, kwao wanakula panya na mkia wake. Naye atajibiwa kwamba kwao wanakunywa pombe mpaka mtoto anabatizwa kwa komoni. Kisha wanaagana vizuri, wamefurahi.

Sheria zake ni chache na kila mtu huku anazijua. Mtani hakasirikiwi. Mtani hashitakiwi. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha siku ambayo hakuna mwingine anayethubutu.

Somoe ni Myao wa kijiji kilicho karibu na mto Ruvuma. Wayao wako pande zote mbili za mto ule. Ukisimama ukingoni unaweza kumsikia shangazi yako anamfukuza kuku upande wa Msumbiji. Ndiyo maana Osmunda, tangu siku waliyoanza kazi pamoja, alimwita mtu wa ng'ambo. Mkimbizi wangu. Mvuka mto kwa ungo.

Hakuna siku alimwita kwa jina. Hakuna siku Somoe aliona vibaya.


4. Mikono

Ganda la korosho lina mafuta. Mafuta hayo yanaunguza. Mbanguaji anapaka majivu kwanza, au mafuta ya nyonyo, ndipo anaketi. Glovu huletwa, zinatoboka kabla ya mapumziko, na glovu iliyotoboka ni mbaya kuliko mkono mtupu, kwa sababu mafuta yakiingia humo hayatoki.

Mwaka wa kwanza ngozi inababuka.
Miaka inayofuata inakuwa nyeusi, inakuwa ngumu.
Halafu inakuwa laini.

Laini kama kikombe. Ukishika vidole vya Somoe utadhani ni vya mtu ambaye hajawahi kufanya kazi.

Siku za baridi vidole vikipasuka, Osmunda ndiye aliyekuwa na kopo la samli aliyotumiwa na dada yake wa Namtumbo. Alimpaka Somoe kidole kimoja kimoja, wamekaa nyuma ya boila, huku akimwambia akae atulie, mkono wa mkimbizi unakula samli kama mchanga.


5. Mashine

Weka kidole gumba.

                    HAKISOMEKI

Futa kidole. Weka tena.

                    HAKISOMEKI

Weka kinachofuata.

                    HAKISOMEKI

Mkono wa pili.

                    HAKISOMEKI

Bwana Kyando, kijana wa kampuni ya uhakiki iliyotoka mjini, alimletea Somoe kitambaa chenye spiriti. Akamletea na maji ya kunawa. Alimwomba samahani kila mara mashine ilipokataa, kana kwamba yeye ndiye aliyekataa. Alikitazama kitambulisho, akaitazama picha iliyofifia, akamtazama mama aliye mbele yake.

Akamwambia kuwa kadi haina shida. Somoe Ausi Chitete yupo, ni raia, anaruhusiwa kufanya kazi popote nchini.

"Kinachotakiwa sasa, mama, ni kujua kama wewe ndiye yeye."

Somoe aliviangalia vidole vyake. Alivileta kazini vikiwa na mistari. Mistari ilibaki hapohapo kiwandani, kidogo kidogo, ikaondoka na maganda.


6. Ushauri wa mama wa kantini, alioutoa huku akiosha masufuria

Kwamba asimchukue Osmunda. Si kwamba ni mtu mbaya, la. Lakini mambo ya ofisini yanataka mtu mkavu, mtu asiyejua kucheka. Amchukue Mzee wa boila. Yule hajui kusema ila ndiyo na hapana, na usingizi.

Somoe alicheka. Akasema mtu wa boila anamjua kutoka wapi yeye? Anamjua mgongo tu, anapopita.


6, tena. Sababu aliyokuwa nayo moyoni na hakumwambia mama wa kantini

Mumewe, Likwata, alipofariki, Somoe hakula. Walimbembeleza, hakula. Alikaa kwenye mkeka hajui waliokuja na walioondoka. Wakati wanaume wanalitoa jeneza, Osmunda alitokea chumbani amevaa kofia ya marehemu na koti lake, akalala chali mlangoni, akasema hapiti mtu. Akapiga kelele kwamba Likwata ni mvivu, amesikia korosho zimeanguka shambani ndiyo maana anajifanya amekufa, na yeye harukwi na mtu hapa mpaka mvivu aamke akaokote.

Watu waliokuwa wanalia walicheka. Masheikh walicheka. Na Somoe, kwenye mkeka, kicheko kilimtoka bila ruhusa yake, kikamtoka kingine, halafu ndipo machozi yaliyokuwa yamekwama yakatoka, halafu njaa.

Osmunda alimletea uji yeye mwenyewe. Kisha akaosha vyombo vyote vya msiba, bado amevaa lile koti.

Baadaye shemeji zake Somoe walikuja kumwambia kwamba nyumba ni ya ukoo na yeye arudi kwao mtoni. Aliweza kuwaambia hapana kwa sababu alikuwa na kazi. Mjukuu wake Rukia aliendelea na shule kwa sababu alikuwa na kazi. Kwa hiyo alipoulizwa nani anamfahamu vizuri, mtu wa kuishika kazi hiyo mkononi asiidondoshe, hakufikiri mara mbili.


7. FOMU YA SHAHIDI
(mfanyakazi anayehakikiwa awepo chumbani)

Jina la shahidi: Osmunda Ngonyani.

Unamfahamu mfanyakazi huyu?
Ndiyo.

Tangu lini?
Tangu kiwanda kinafunguliwa.

Anaitwaje?
Somoe Chitete.

(Hapo Somoe alishtuka kidogo. Lilikuwa jina lake, lakini hakuwahi kulisikia kutoka mdomo ule.)

Umewahi kusema, au kusikia ikisemwa, kuwa mfanyakazi huyu ametoka nje ya nchi?



Ndiyo.



Nani alisema?
Mimi.

Mara moja au zaidi?
Zaidi.

Una la kuongeza?


8. Ambavyo Bwana Kyando angesema, kama angeulizwa

Mimi si mtoto. Bibi yangu alipozikwa, watani waliiba ng'ombe wa msiba wakamfunga kwenye gari la padri. Najua utani. Nilipokuwa nakuja huku nilishaambiwa, Tunduru utatukanwa, usikasirike.

Kwa hiyo nilipouliza kama ana la kuongeza, kalamu niliiinua. Niliiweka juu kabisa aone kwamba nasubiri. Angesema neno moja. Angesema, ni mtani wangu. Ningeandika hapo chini, shahidi anafafanua kuwa ni utani, nikapiga muhuri, tukaenda kunywa chai.

Fomu haina kisanduku cha mambo ninayoyajua mimi. Ina kisanduku cha anayoyasema shahidi.

Nilisubiri. Nilisubiri kuliko ninavyowasubiri wengine.


9. Yaliyokuwa mdomoni mwa Osmunda wakati kalamu iko juu

kwamba ni utani
kwamba ni utani tu, baba, hata wewe unajua
kwamba anaijua nyumba waliyozaliwa ndugu wote wa huyu, alishalala humo
kwamba kama huyu si wa hapa basi hakuna wa hapa
kwamba tangazo limesema shahidi atakayeficha jambo
kwamba vidole vyake mwenyewe bado havijajaribiwa, zamu yake ni kesho, na akiviangalia
kwamba Ngonyani ni jina la Songea na hapa si Songea
kwamba akisema mengi ataulizwa mengi
kwamba


10.

"Sina."


11. Somoe, kwenye kiti cha pembeni

Alikuwa anatabasamu.

Hilo ndilo linalouma kulitaja. Osmunda aliposema ndiyo, Somoe alitabasamu, kwa sababu alijua kinachofuata. Alimjua mtani wake anavyochelewesha. Anaanza na uso mkavu, anakufikisha ukingoni, halafu anageuka na kuumwaga utani wenyewe, na chumba kizima kinaanguka kwa kicheko. Alisubiri. Alikuwa ameshaandaa na jibu lake, jibu zuri, la kuhusu Wangoni na mashine ya vidole, kwamba wao hawana shida, wataweka nyayo kwa sababu ndizo walizozitumia zaidi.

Aliposema mimi, Somoe bado alikuwa anatabasamu.

Aliposema zaidi, bado.

Kalamu ilipokuwa juu, alimtazama Osmunda kumpa nafasi, kama unavyompa mwenzako nafasi kwenye ngoma.

Osmunda alikuwa anaangalia meza.


12. Langoni

Mlinzi alitakiwa kuchukua aproni, kofia ya kazini na kadi ya kupigia saa. Alivichukua. Alivikunja vizuri, aproni juu ya kofia, ingawa zilikuwa zinakwenda kufuliwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kikombe cha mama kilichobaki kwenye rafu ya kantini atakitunza mwenyewe, kisishikwe na mtu.

Somoe alimshukuru. Alimwuliza mkewe anaendeleaje, maana alikuwa karibu kujifungua. Mlinzi akasema salama, wameshapata, wa kike. Somoe akampa hongera na kumwombea mtoto afya.

Kisha akatoka, na lango likafungwa taratibu, kwa sababu mlinzi hakutaka lisikike.


13. BARUA

Ndugu Somoe A. Chitete,

KUSIMAMISHWA KAZI KUPISHA UCHUNGUZI WA URAIA

Kufuatia maelezo yaliyotolewa na shahidi uliyemteua mwenyewe...


(Alirudia maneno hayo mawili ya mwisho. Uliyemteua mwenyewe. Barua iliendelea mpaka chini, lakini siku ile yeye aliishia hapo.)


14. Mtaani, kwa midomo mbalimbali

"Wanasema si wa hapa."

"Nani anasema?"

"Mwenzake. Yule yule wanayekula naye sahani moja. Huyo ndiye anayejua."

"Lakini si ni utani wao?"

"Ofisini pana utani? Karatasi imeandikwa."

"Mimi nilikuwa naona zamani. Anavyofunga kanga."

"Anafungaje?"

"Anafunga tu."

Na shemeji yake mkubwa, aliyepita asubuhi na mapema, akasimama uani bila kuketi. Alisema hawana haraka, wao ni watu wazima, lakini nyumba ya ukoo haiwezi kukaliwa na mtu ambaye serikali inamtafuta. Akasema na lile neno. Mvuka mto.

Lilikuwa neno lile lile, kwa herufi zile zile. Somoe alikuwa amelisikia kila siku ya kazi, likamfurahisha kama salamu. Sasa lilitoka kwa mtu asiye na haki nalo, na kumbe ndivyo linavyosikika likiwa limevuliwa kicheko: ni la kufukuzia mtu.

Jirani yake wa kulia, Bi Tausi, hakusema chochote katika siku zile zote. Kila asubuhi tu, Somoe akifungua mlango, alikuta ndoo yake imejazwa maji.


15. Wewe unayesoma

Kama ungekuwa wewe, kwenye kiti kile, mbele ya kalamu ile.

Usijibu haraka.

Una kazi. Una watoto wanaoitegemea. Umeambiwa kwa maandishi kwamba ukikosea neno utatoka na mwenzako. Swali limekuja, na jibu lake la kweli ni ndiyo, kwa sababu kweli ulisema. Umesema ukweli. Hakuna mtu duniani atakayekuonyesha uongo kwenye fomu ile.


Hakuna.


16. Ofisi ya wilaya

Somoe alikwenda na kitambulisho, na barua ya kijiji, na mtendaji wa kijiji mwenyewe, binti mdogo aliyefika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Binti huyo alikuwa ameandika majina ya watoto wote wa mzee Ausi Chitete kwa mpangilio wa kuzaliwa, na makaburi ya babu zao yalipo, na shule aliyosoma Somoe mpaka darasa la nne na sababu iliyomfanya aache.

Afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimpa kiti. Aliangalia karatasi, akauliza maswali machache, akapiga simu mahali, akasubiri, akasema sawa, asante. Kisha akamgeukia Somoe akamwambia kwamba wao hawana tatizo lolote naye. Hawajawahi kuwa nalo. Jina lake liko kwenye mashine tangu lilipoingia na halijawahi kutoka.

Akaandika barua ya mistari michache na kuipiga muhuri. Mtajwa ni raia. Mtajwa hahitaji kibali chochote kufanya kazi.

Walipokuwa wanaondoka alimwuliza kilichotokea, na Somoe akamweleza kwa ufupi. Afisa alivua miwani. Alikuwa Mngoni. Kwa desturi alipaswa kusema jambo hapo, jambo la kuudhi kuhusu Wayao, na Somoe alipaswa kulirudisha. Akasema tu, "Pole, mama yangu."


17.

Ndugu Somoe A. Chitete,

Tumepokea barua ya uthibitisho wa uraia wako na tunakupongeza.

Hata hivyo, kwa kuwa uzalishaji haukuweza kusimama, nafasi yako imejazwa. Unakaribishwa kuomba kazi upya kama mwombaji mwingine yeyote. Fomu ya maombi imeambatishwa. Kwa kuwa vidole vyako havisomeki, fomu hiyo isainiwe na mfanyakazi mmoja wa kiwanda anayekufahamu vizuri.

Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa hii.

Nangwali Korosho inaheshimu sheria zote za kazi.


18. Nani kaijaza nafasi

Mlinzi ndiye aliyemwambia, walipokutana sokoni, na alimwambia huku amebeba nyanya za mkewe na hajui aziweke wapi.

Meza ya dirishani ina hewa. Mafuta hayakupigi usoni kama kwenye meza za katikati. Yuko Osmunda. Msimamizi alimwambia ahamie, akahamia.

Somoe aliuliza kama aliomba.

Mlinzi akasema hapana, hakuomba.

Somoe akauliza kama alikataa.

Nyanya moja ilianguka, na mlinzi akainama kuiokota, akachukua muda mrefu kuifuta.


19. Orodha ya wanaoweza kusaini, aliyoifikiria Somoe akipepeta mchele

Mzee wa boila. (Amekwenda kwao, likizo. Atarudi baada ya Ijumaa.)

Mama wa kantini. (Ameajiriwa na mtu wa kantini, si kiwanda. Walimwambia haruhusiwi.)

Mlinzi. (Naye vilevile ni wa kampuni ya ulinzi.)

Wasichana wa chumba cha kumenyea. (Alimwendea mmoja, akaenda kwa wa pili. Walimkaribisha vizuri, wakampa maji, wakazungumza naye habari za Rukia. Wakasema wanaogopa. Walisema kweli na hakuwalaumu. Tangazo lilikuwa bado liko ubaoni, limechanika pembeni tu.)

Na


20. Alhamisi, saa kumi alasiri

Osmunda alikuja kwa mguu. Kwake na kwa Somoe ni mwendo wa kupita mwembe mmoja na kisima. Alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi amebeba sahani iliyofunikwa, likungu, mboga ya kwao, ambayo Somoe huipenda kuliko anavyokubali.

Alisimama uani. Alikuwa amepungua. Alisema hodi, kitu ambacho hajawahi kukisema katika nyumba ile. Huwa anaingia huku anauliza mkimbizi kapika nini.

Somoe alitoka, akamwona, akampokea sahani kwa mikono miwili. Akaingia ndani akatoa kiti, kile cha kuegemea, cha wageni, akakifuta kwa upande wa kanga ingawa hakikuwa na vumbi.

"Karibu uketi, Mama Agripina."

Osmunda hakuketi mara moja. Mwanawe mkubwa anaitwa Agripina, kweli, na mtaa mzima humwita hivyo. Somoe, hapana. Hajawahi.

Alipoketi alianza kusema. Alisema amesikia kuhusu fomu. Alisema yeye atasaini, ndiyo maana amekuja, amekuja na kalamu. Akaitoa. Alisema vidole vyake navyo vilikataa, kesho yake ile, vyote, na alipoambiwa alete shahidi alikaa kwenye ngazi za ofisi akashindwa kumfikiria mtu. Mwishowe msimamizi alimsainia mwenyewe ili kazi isilale. Alisema siku ile chumbani ulimi ulikuwa

Alisema alitaka

Somoe alimsikiliza. Hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, fomu iko pale pale karibu na goti lake, kile kisanduku cha chini kikiwa cheupe, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba kesho ni Ijumaa. Osmunda alipomaliza, au aliposhindwa kuendelea, Somoe alisimama akamimina chai. Aliiweka juu ya kigoda, akaigeuza ili mkono wa kikombe uwe upande wa mgeni.

"Sukari nimetia kidogo. Isipotosha, useme."

"Nitukane," Osmunda akasema.

"Na mihogo inakuja. Iko jikoni, inamalizikia."

"Mtani. Nitukane kwanza. Sema Wangoni ni waoga. Sema tumekimbia Uzuluni na tumekimbia tena ofisini. Sema lolote. Usinipe chai hivi."

Bi Tausi alipita na ndoo zake, akasalimia, wote wawili wakaitikia pamoja, vizuri, kama watu wasio na neno. Akaenda zake.

Somoe aliketi tena kwenye mkeka. Alinyoosha kanga magotini. Alikuwa na hasira, na huyu ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Tangu siku ile alikuwa amebeba kitu ambacho desturi haikumwachia pa kukitua. Alimtazama mwenzake usoni kwa muda, kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyeshuka kwenye basi la mbali na hujui bado atakaa siku ngapi.

Halafu akamwuliza, kwa sauti ya heshima kabisa:

"Na huko mtokako, Mama Agripina, mvua zimenyesha?"

Osmunda alikuwa ameshika kalamu. Alimtazama machoni, akitafuta kama humo ndani kulikuwa na kicheko.